Dirisha Lisilo na Saizi Dukani

Naandika kwa kirefu kwa sababu ya lile swali lililozagaa kwenye kikundi cha familia: kwa nini kila nikipiga simu ya video, nyuma yangu pananing'inia shuka la kitanda lenye picha za magari? Najua shangazi ameshahukumu kwamba nimefilisika na ninaona aibu kusema. Sijafilisika. Nina dirisha.

Nyumba tunayopanga hapa Glasgow, mimi na mwenzangu wa Bujumbura, iko kwenye jengo la mawe mekundu la zama za Malkia Victoria, ghorofa ya kwanza. Dari liko juu mno, balbu ikiungua tunaitisha kikao. Chumba cha mbele kina dirisha lililotokeza nje kuelekea barabarani, la pande tatu: kioo kipana katikati, sentimita 140, na vioo viwili vyembamba ubavuni, sentimita 62 kila kimoja, vimekaa mshazari. Kutoka kwenye reli ya pazia hadi sakafuni ni sentimita 268. Zamani serikali ya huku ilikuwa ikitoza kodi ya madirisha, na watu wakayaziba kwa matofali ili wasilipe. Kodi ikafutwa mwaka 1851. Jengo letu lilijengwa baada ya hapo, na naona fundi alikuwa analipiza kisasi.

Mtasema, dirisha kubwa si neema hiyo? Upepo, mwanga, nini tena? Sikilizeni basi. Mbele ya mlango wetu kuna kituo cha basi, na mabasi ya hapa ni ya ghorofa. Abiria wa ghorofa ya juu wanakaa usawa mmoja na meza yetu ya chakula. Basi likisimama, wanahesabu matonge. Kuna mzee mmoja wa basi la jioni ameshazoea kunipungia mkono, na siku tuliyopika pilau alininyanyulia dole gumba. Wenyeji hawaoni tatizo. Usiku wanawasha taa zote, mapazia wazi, unapita zako njiani unaona familia nzima na taarifa ya habari wanayoitazama. Mimi nimelelewa mtaani kwetu Ngamiani, ambako hata mlango ukiwa wazi pazia linashuka. Siwezi.

Halafu kuna jua. Mwezi wa sita jua la Glasgow huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku. Narudia kwa ajili ya baba mdogo ambaye haamini: saa nne usiku, watoto wako nje wanacheza mpira. Mtu wa zamu ya usiku ya kutunza wazee kama mimi anarudi asubuhi akitafuta giza la kulalia, halipatikani. Ikifika Desemba mambo yanageuka, jua linatua kabla ya saa kumi jioni, na vioo vile vinatoa nje joto tulilolilipia huku mita ya gesi ikikimbia. Kwa hiyo pazia huku si lile la kubadilisha wiki ya mwisho ya Ramadhani ili majirani wakija kula Idd waone. Huku ukikosa pazia, hulali, na bili inapanda.

Kinachochekesha ni kwamba waliojenga walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Ubavuni mwa dirisha kuna vibao vya mbao vya kukunja, vimejificha ukutani, vya kufungia usiku. Kazi safi kabisa. Lakini kila aliyeimiliki nyumba baadaye alivipaka rangi juu ya rangi hadi vikagandamana na ukuta. Tulimwandikia mwenye nyumba kuomba tuvibandue. Akajibu kwamba rangi za zamani kama zile huenda zina madini ya risasi, ni sumu, tusikwangue kitu. Akaongeza kwamba pia tusitoboe ukuta. Reli ya zamani iliyopinda kufuata dirisha ipo, tuitumie hiyo hiyo.

Tukaenda dukani. Mapazia ya tayari huku yana saizi zake kama zilivyoandikwa kwenye jiwe: upana sentimita 117, 168 au 229, urefu 137, 183 au 229. Msishangae hizo namba, zilianza maisha kwa inchi na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzinyoosha. Tulichukua lile refu kuliko yote, kwa ruhusa ya kurudisha, tukalitundika. Likaishia sentimita 39 juu ya sakafu. Dirisha letu tukufu likasimama pale kama mtoto wa darasa la saba ndani ya suruali aliyoshonewa darasa la nne. Likarudi dukani siku hiyo hiyo.

Tukamwita fundi wa mapazia. Akaja kijana nadhifu mwenye kifaa cha kupimia kwa mwali mwekundu, akapima huku na huku, akanyamaza kwa heshima, kisha akataja pauni 900. Ukizibadili kwa shilingi unakaribia bei ya bodaboda mpya. Na hiyo ni kazi tu, kitambaa juu yako. Nikamkumbuka fundi wetu wa Ngamiani. Yeye angelitazama dirisha kwa jicho moja, futikamba shingoni bila kuigusa, angesema lete mita kumi na mbili, njoo Ijumaa. Na Ijumaa angesema njoo Ijumaa. Lakini bodaboda yako ungebaki nayo.

Hapo ndipo nilipoamua kushona mwenyewe. Mwenzangu alicheka, maana kwao na kwetu pia kijana wa ofisini hujisifu kwamba hajui kutia uzi sindano. Nikamuuliza: barazani kwenye vyerehani umewahi kuona nani zaidi, wanawake au wanaume? Akakubali kushika kitambaa.

Shangazi, ile rai yako ya kutumia kitenge tuliijadili kwa uzito, usidhani nilipuuza ujumbe wako wa sauti. Hesabu ndiyo iliyokataa. Reli nzima ni sentimita 264. Pazia lenye marinda linataka kitambaa mara mbili ya upana, vinginevyo linakaa limenyooka tu na halina haiba. Hiyo ni 528. Urefu ni 268, ongeza 20 za upindo wa chini na 7 za kukunja juu, unapata 295 kwa kila kipande. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo vipande vitano. Sasa chukua kitenge cha yadi 6, ambacho ni kama mita tano na nusu: unakata kipande kimoja cha 295, na kinachobaki ni mita mbili na nusu, kimepungua kama mkono mmoja tu kufika cha pili. Kwa hiyo vitenge vitano vizima, yadi 30, na mabaki matano ambayo hayafai dirishani wala hayatupiki. Fikiria mzigo huo kwenye begi la yule dada anayekuja mwezi wa nane, ambaye tayari umempa dagaa.

Kitambaa cha mapazia cha huku kina upana wa sentimita 137, vipande vinne vinatosha, jumla mita 11 na sentimita 80. Mwenzangu alipenda kimoja chenye maua makubwa yanayojirudia kila baada ya sentimita 64. Kizuri, sikatai. Lakini ua lazima likutane na ua kwenye mshono, kwa hiyo kila kipande ukikate 320 badala ya 295, na mita nzima inakwenda na maji. Nilimwambia achague maua au nauli ya mwezi. Tukanunua cha rangi moja, kijani iliyokolea, na bitana ile nzito inayozuia mwanga.

Bitana hiyo ina tabia yake, na anayetaka kujaribu huko nyumbani ajue. Imepakwa tabaka la kitu kama mpira, na ukiichoma tundu, tundu halizibi milele. Huwezi kufumua mshono ukashona upya. Huwezi hata kushikiza kwa pini katikati, ni vibanio tu pembeni. Mwenzangu, ambaye anasomea uhandisi na ana msimamo kuhusu kila kitu, alishikiza kwa pini mstari mzima kabla sijarudi kutoka kazini. Leo hii, saa kumi na nusu alfajiri, upande wa kushoto wa pazia letu una nyota kumi na sita zilizopangwa kwa mstari ulionyooka vizuri sana. Anasema ni mapambo.

Cherehani tuliyoanza nayo ilikuwa ya plastiki, nyepesi, ya mtumba. Kwenye kitambaa kimoja ilikwenda vizuri. Ilipofika pale juu, ambapo kitambaa kimekunjwa, bitana imeingia kati na juu yake unaweka utepe wa marinda, ikaanza kulia, ikakwama, ikatafuna uzi, ikatulia. Sakafu za nyumba hizi ni za mbao, kila sauti inashuka. Baada ya muda mlango ukagongwa. Ni bibi wa chini, mfupi, miwani kwenye kamba, na mimi nikajitayarisha kuomba radhi kwa kelele. Hakuja kugomba. Alisikiliza cherehani ikijikongoja kidogo, akatikisa kichwa, akasema kwa lafudhi ya hapa, ambayo bado huniacha nusu njiani: "Hiyo si Singer."

Ndugu zangu, huyu bibi alifanya kazi Singer. Kiwanda kilikuwa Clydebank, jirani tu na hapa, mahali panaitwa Kilbowie. Kilifunguliwa miaka ya 1880, na kwa muda mrefu kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani vya vyerehani. Kilikuwa na mnara wenye saa kubwa ya nyuso nne, wakaubomoa mwaka 1963. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Sasa kilichobaki ni kituo cha treni, na hadi leo kinaitwa Singer. Unapanda treni mjini, sauti inatangaza vituo, na katikati ya majina ya Kiskoti unasikia jina lililoandikwa kwa dhahabu kwenye cherehani ya babu. Mara ya kwanza kulisikia nilidhani nimesinzia.

Yeye alianza akiwa binti, idara ya sindano. Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya ni kuitoa sindano yangu, akaiinua kwenye mwanga, akaiangalia kwa masikitiko niliyoyaona mara ya mwisho kwa daktari, akaitupa. Akataka namba 16. Kisha akamtuma mjukuu wake chini, na kijana akapanda ngazi akihema, amekumbatia Singer nyeusi ya mkono, chuma kitupu, yenye maandishi 201K. Ile K, akaniambia bibi, ni ya Kilbowie. Tulipoiweka mezani, meza ilitoa sauti.

Mashine ile haina haraka wala haina mjadala. Unazungusha kwa mkono wa kulia, sindano inapita kwenye tabaka tano za kitambaa kama hazipo, na unasikia mlio ule ule wa barazani kwetu, tik-tik-tik, bila kuruka. Kazi kubwa ikawa uzito. Kitambaa cha mita tatu chenye bitana kikining'inia ukingoni mwa meza kinauvuta mshono, unakwenda upande. Ikabidi mwenzangu akae upande wa pili akipokea, mjukuu upande huu akilisha, mimi nazungusha, na bibi kitini akitoa amri. Kukata nako alitusimamia. Hakuruhusu mkasi uguse kitambaa kabla ya kuchomoa uzi mmoja wa upana, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, ukabaki mfereji mwembamba ulionyooka. Unakata juu ya mfereji huo. Hakuna rula inayonyoosha hivyo, na mhandisi wetu alikubali kwa shingo upande.

Sasa mhandisi naye ana kisa chake. Alipakua programu ya simu ya kupima usawa, akagundua kwamba dirisha letu limelala. Jengo limeketi kidogo kidogo miaka yote hii, upande wa kulia sakafu iko chini kwa sentimita tatu kuliko kushoto. Akalipiga picha, akachora mistari myekundu, akamtumia mwenye nyumba barua pepe yenye kichwa cha habari. Jibu lilikuja fupi: dirisha liko hivyo tangu kabla babu yake hajazaliwa na halijawahi kulalamika.

Tukawa na mgogoro. Upindo ufuate usawa wa kweli, au ufuate sakafu iliyolala? Mwenzangu alisimamia sayansi. Bibi alisema jicho la mgeni halina programu ya simu, linaangalia nafasi kati ya pazia na sakafu, na nafasi hiyo ikipanuka upande mmoja mgeni ataona pazia bovu, hataona nyumba iliyoketi. Sakafu ikashinda. Isitoshe, alikataza kushona upindo kabla ya kutundika. Mapazia yakaning'inizwa yakiwa hayajapindwa, yakaachwa siku kadhaa, maana kitambaa kizito hujivuta kwa uzito wake, na ukipinda mapema utakuja kukuta kinafagia. Baadaye ndipo nikalala kifudifudi sakafuni na chaki, nikaweka alama sentimita moja juu ya sakafu, hatua kwa hatua. Kila pazia sasa lina urefu wake wa pekee. Nyuma nimeshona herufi kwa uzi mwekundu, K kwa la kushoto na L kwa la kulia, ili atakayeyafua asije akayabadilisha.

Ile reli ya zamani ilikuwa imepakwa rangi mara nyingi kama kila kitu cha nyumba hii, na vigololi havikuteleza hata kwa kuvuta. Hapo ndipo tulipong'ara sisi wa kwetu. Nikachukua mshumaa, nikausugua kwenye reli nzima mpaka kwenye kona mbili za mshazari, kama tunavyofanya zipu ya begi la safari. Mapazia yakateleza. Bibi alitaka kujua nimejifunza wapi. Nikamwambia chuo cha mama.

Kwa hiyo sasa yapo, kutoka dari hadi chini, kijani, marinda yamekaa, chumba giza totoro ukiondoa zile nyota kumi na sita. Kile kitenge alichonipa shangazi wakati naondoka nimekikata vifungio vya kuyabana pembeni mchana, na kila anayeingia anaanza kusifia vifungio kabla ya mapazia, jambo ambalo nimeamua kulivumilia. Mzee wa basi alinyoosha shingo siku ya kwanza, akanyanyua mikono kuuliza kulikoni. Nilifungua kidogo, nikampungia, nikafunga. Gharama yote, kitambaa, bitana, utepe, uzi na sindano, haikufika theluthi ya zile pauni za fundi.

Nilipoona mambo yameenda vizuri, nikamgusia bibi kwamba hata chumba cha kulala kina dirisha, dogo tu, halina kona. Akaweka kikombe chini. Akaniambia kwamba mwaka 1911, kiwandani kwao, wanawake 12 wa kung'arisha makabati waliongezewa kazi bila nyongeza ya mshahara. Wakaweka chini vitambaa vyao. Kufumba na kufumbua wafanyakazi kama 11,000 wakawa nje, karibu kiwanda kizima. Alimaliza hadithi, akaniangalia, akaendelea na chai yake. Chumba cha kulala nimemalizia mwenyewe, na bibi tumempelekea sufuria la pilau na maandazi, malipo ambayo ameyakubali kwa maandishi.

Huo ndio ukweli wa shuka la magari. Lilikuwa limeshikilia nafasi tu. Sasa nina ombi moja, na tafadhali msilipitishe kwenye kikundi likapotelea kwenye picha za harusi. Cherehani ya babu iko bado chumba cha uani, chini ya magunia. Iondoeni magunia, ifuteni vumbi, muangalie kwenye kitako upande wa kulia, kuna namba imechongwa kwenye chuma. Ikianza na herufi moja tu, F, J, M, P, S, V au Y, imetoka Clydebank. Fundi wa Ngamiani anatumia Butterfly ya Shanghai, hiyo haihusiki, ingawa nayo ilinakili umbo la Singer namba 15. Mpeni salamu zangu. Namba ya cherehani ya babu ipigeni picha mnitumie mapema, mwangaza wa kutosha, isitikisike. Bibi ameniuliza tena jana ngazini, na nimemwambia watu wetu hawachelewi.